Mafuriko yakipita, beba ndoo kabla ya nguo

Wenzangu wa Kilwa na Lindi, maji yakishapungua msikimbilie kufungasha nguo kuukuu za kuwapelekea waliofurikiwa. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam ilikatika pale Somanga. Siku kama hizo msaada wa lori hauji leo. Wa haraka ni jirani.

Peleka ndoo yenye kifuniko, sufuria, kiberiti, sabuni. Na pedi, maana wengi huona haya kuziomba. Kisima kilichofunikwa na mafuriko huenda kimeingiwa na maji ya vyooni, kwa hiyo mwambie mwenye nyumba achuje maji kwa kipande safi cha kanga kilichokunjwa mara nne, kisha ayachemshe mpaka yatokote dakika nzima.

Una sola, hata ile ya taa mbili? Toa waya barazani, chajia watu simu bure. Ndugu aliyeko Masasi anatuma hela kwa simu, na simu iliyozima haitoi hata mia.

Kabla hujabeba chochote, muulize balozi wa nyumba kumi. Yeye ndiye anayejua bibi yupi bado analalia mkeka uliolowa.