Siku Tatu za Shravan, kwa Dada Anayeanza Kupika Nyumba ya Kigujarati

Dada, ukifika asubuhi usiulize "leo tunapika nini?" Uliza "leo siku gani?" Nimepika Upanga miaka 19 kwenye nyumba ya Wahindu wa Kigujarati, na somo hilo nililipata kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuta nyumba kimya, nikadhani wamepitiwa na usingizi, nikabandika chai. Bibi mwenye nyumba, ambaye sote tunamwita Ba, alitoka akazima jiko bila kunisemesha. Kumbe ilikuwa Satam, siku ambayo moto hauwashwi.

Kwa hiyo anza na kalenda yao ya ukutani. Siku zao huenda kwa mwezi kama zetu. Ila Ramadhani yetu inazunguka mwaka mzima, na wao kila baada ya miaka mitatu hivi huongeza mwezi mmoja, ndiyo maana mwezi wao wa Shravan hauhami mbali na Agosti. Mwezi ukishakuwa mpevu ndani ya Shravan, hesabu: siku ya sita ni Randhan Chhath, ya saba Shitala Satam, ya nane Janmashtami. Hizo tatu zinafuatana, nazo ndizo zitakazokupima.

Chhath ni siku ya kupika chakula cha kesho. Fika mapema. Pika vitu vikavu, vinavyostahimili joto la Dar: thepla (chapati nyembamba za viungo), puri, vada za unga wa uwele, viazi vya kukaanga kwa binzari visivyo na mchuzi. Thepla ndiyo nguzo. Unga wa ngano, unga wa dengu kidogo, manjano, pilipili, tangawizi, chumvi na sukari guru kiasi cha kidole. Kanda kwa mtindi na mafuta, usitie maji. Ya maji kesho yake inakuwa kama soli ya kiatu. Sukuma nyembamba, choma kwenye chuma cha chapati kwa mafuta kidogo, na zikipoa kabisa ndipo uzipange kwenye chombo. Ukizifunika za moto zitatoa jasho na kuchacha. Vada za uwele kanda kwa mtindi, ufuta na sukari guru, kaanga kwa moto wa wastani. Mtindi wenyewe weka kwenye friji, na viazi pia. Friji haina moto, Ba hana neno nayo.

Sasa lililonitesa kuliko yote: usionje. Sahani ya kwanza ni ya mungu, na kilichokwisha kuonjwa hakitolewi tena. Nilijifunza kupima chumvi kwa kiganja: shimo la katikati ya kiganja kwa unga wa vikombe vinne. Mwanzo nilikosea. Hawakugomba, walikula na achari nyingi.

Usiku, kazi ikiisha, sugua jiko mpaka ling'ae, kisha uondoke pale. Ba mwenyewe hulipaka alama nyekundu na kuliwekea ua. Anasema Shitala, mungu wao wa kike, hupita usiku kwenye majiko ya watu kujipoza. Kuna mkamwana alipitiwa na usingizi akaacha moto, Shitala akaungua, na mtoto wa nyumba ile akapatwa na mabaya mpaka mama yake alipomfuata kuomba radhi. Shitala ndiye mama wa ndui. Mimi ni Mwislamu na hadithi hiyo si yangu, lakini marehemu bibi yangu kule Pangani alikuwa na makovu ya ndui usoni, basi sikuicheka. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida aliugua mwaka 1977 Merca, Somalia, na alikuwa mpishi wa hospitali. Mwaka 1980 ikatangazwa imetoweka duniani. Jiko la Ba bado linalala.

Satam yenyewe kazi ni ndogo. Wanaoga maji baridi, wanakula vya jana. Utaombwa kuandaa kuler: unga wa uwele mbichi, samli na sukari guru, unavisugua kwa vidole mpaka vishikane. Chai hakuna. Kama wewe ni mtu wa chai, kunywa kwako kabla hujatoka.

Janmashtami wanafunga mpaka saa sita za usiku, alipozaliwa mungu wao Krishna. Nilipoambiwa nimenye viazi nilicheka: funga gani ya viazi? Ba akanijibu, "Nyinyi mnaacha maji, sisi tunaacha nafaka." Basi acha ngano, mchele, dengu, kunde, vitunguu vyote viwili. Chumvi iwe ya mawe, na chombo chake kisichanganywe na ile ya kila siku. Viazi, viazi vitamu, karanga, maziwa, matunda na sabudana (tembe ndogo nyeupe za wanga) ruhusa. Muhogo nao ruhusa, na hapa sikushangaa, maana sabudana yenyewe inatokana na muhogo. Kanuni hiyohiyo utaikuta kila Ekadashi, siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi, yaani mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo viazi visikose stoo.

Mchicha na mboga nyingine za majani wanaziacha Shravan nzima. Ba anasema ni wadudu wa mvua. Mvua hiyo ni ya Gujarat. Sisi Agosti tuko kipupwe na mchicha wa Dar ni safi kabisa. Nilimwambia mara moja tu. Bilingani nalo liache, na nyama usilete hata kwenye kibakuli chako.

Asubuhi ya siku ya nane washa jiko kwa chai yao kwanza, tangawizi nyingi. Viazi vitasubiri.