Brashi ya Kuponya ya Photoshop Inapogoma: Pa Kuangalia Kwanza

Brashi ya kuponya ya Photoshop, programu ya kuhariri picha, ile inayoandikwa Healing Brush, iliingia katika toleo la 7.0 mwaka 2002, na miaka mitatu baadaye toleo la CS2 likaleta ndugu yake, Spot Healing Brush, ambayo hujitafutia yenyewe mahali pa kuchukua. Wanaosafisha picha za harusi, za pasipoti na za zamani zilizokwaruzika huzitumia kutwa, na malalamiko yao hufanana: brashi inakataa kupaka, inapaka bila kuacha alama yoyote, au inaacha doa baya kuliko lile lililokuwa likifutwa. Mara nyingi brashi huwa haina hitilafu yoyote, bali imeelekezwa kusoma leya (tabaka la picha) isiyo yake au imepelekwa mahali ambapo namna yake ya kufanya kazi haifai.

Namna hiyo inafaa kueleweka kwanza, kwa sababu ndiyo inayofafanua karibu kila tatizo. Muhuri wa kunakili, yaani Clone Stamp, huchukua piseli, yaani nukta za rangi zinazounda picha, za mahali pamoja na kuzibandika kwingine kama zilivyo. Brashi ya kuponya huchukua umbile tu, yaani vinyweleo, mikunjo na chembe za uso, kisha hulinganisha rangi na mwanga na vile vinavyozunguka mahali inapopakwa. Kwa hiyo, matokeo yakiharibika, yapo maswali mawili ya kujiuliza: inasoma kutoka wapi, na mahali inapopaka pamezungukwa na nini?

Tuanze na brashi inayokataa kabisa. Ujumbe unaosema kwamba eneo la kunakili halijabainishwa maana yake ni kwamba chanzo hakijachaguliwa: shikilia kitufe cha Alt, au Option kwenye Mac, ubofye mara moja sehemu safi, kisha uachilie kitufe ndipo upake. Chanzo kinaweza kuwa katika picha nyingine iliyofunguliwa, ila picha zote mbili ziwe na mfumo mmoja wa rangi, isipokuwa kama mojawapo ni ya kijivu; na ukiifunga picha yenye chanzo, itakubidi uchague kingine. Kishale kikigeuka duara lililokatwa kwa mstari, tazama paneli ya leya, kwani huenda leya uliyoisimamia imefungwa kwa kufuli, imefichwa, au ni ya maandishi au Smart Object (leya inayofungia picha ya asili ndani yake), ambazo brashi hii haiwezi kuzipaka moja kwa moja. Picha za GIF na baadhi ya PNG hufunguka katika mfumo wa rangi wa Indexed, wenye orodha ya rangi chache, na huko brashi ya kuponya haifanyi kazi mpaka uingie menyu ya Image, kisha Mode, na kuchagua RGB Color.

Kinachowachosha watu zaidi ni brashi inayokubali kupaka huku picha ikibaki vilevile. Huenda kuna eneo dogo uliloliteua awali na ukalisahau pembeni mwa picha, au mstari wake umefichwa; bonyeza Ctrl na D ili kuliondoa, kwani programu hairuhusu kupaka nje ya eneo lililoteuliwa. Huenda pia umesimama juu ya maski ya leya, ile inayoficha au kuonyesha sehemu zake, badala ya picha yenyewe, jambo ambalo utalitambua kwa kuangalia ni kijipicha kipi kimezungushiwa fremu.

Vyote viwili vikiwa sawa, basi karibu kila mara tatizo liko kwenye menyu ndogo ya Sample iliyo katika upau wa juu, na hapa inafaa kutulia. Mrekebishaji makini hapaki juu ya picha ya asili, bali hufungua leya tupu juu yake ili aweze kurudi nyuma wakati wowote. Menyu hiyo ikiwa imewekwa Current Layer, brashi inasoma leya tupu peke yake, na kwa kuwa leya hiyo haina kitu, hakuna kitakachopakwa. Ibadilishe iwe Current & Below, nayo itasoma leya uliyopo pamoja na zote zilizo chini yake, huku ikiandika juu ya ile tupu.

Lipo chaguo la tatu, All Layers, ambalo wengi hulichagua kwa kudhani kwamba kusoma leya zote ndiyo salama zaidi. Chukua picha ya bibi harusi iliyongʼarishwa kwa leya ya Curves, ambayo ni leya ya marekebisho ya mwanga, iliyowekwa juu kabisa, huku leya tupu ya kuponya ikiwa katikati. Kwa All Layers, brashi inasoma ngozi ambayo tayari imengʼarishwa, inaiandika chini ya Curves, kisha Curves inaingʼarisha mara ya pili, na shavuni kunabaki kiraka cheupe kinachoonekana hata picha ikitazamwa kwenye simu. Watu hulaumu brashi au hubadilisha ugumu wa ncha yake, ilhali dawa ni kurudi kwenye Current & Below, au kubofya kitufe kilicho kando ya menyu hiyo, chenye umbo la duara la rangi mbili, kinachoiamuru brashi ipuuze leya za marekebisho.

Kundi jingine la matatizo ni madoa yanayotokea kwenye mipaka. Chunusi iliyo kwenye paji la uso, karibu kabisa na ukingo wa ushungi mweusi, ukiipaka kwa brashi pana utaona weusi wa kitambaa ukiingia kwenye ngozi kama moshi. Hilo si kosa la programu, kwa sababu brashi imefanya kazi yake ya kulinganisha rangi na mazingira, na sehemu ya mazingira hayo ni nyeusi. Punguza ukubwa wa brashi kwa kitufe cha mabano ya mraba ya kushoto mpaka izidi kidogo tu upana wa chunusi, na uikaze ncha ili duara lake lisiguse kitambaa. Isipotosha, teua kwanza eneo la ngozi kwa kufuata ukingo wa ushungi kwa uangalifu, liwe pana kuliko doa lenyewe, ndipo upake. Rangi ya nje ya eneo hilo haitavuja ndani. Pale ambapo doa limegusana kabisa na ukingo, acha kuponya, tumia muhuri wa kunakili kwa ile sehemu nyembamba ya mpakani, kisha rudi na brashi ya kuponya kumalizia sehemu ya ndani. Spot Healing Brush haifai hapa, kwani haikupi nafasi ya kuchagua chanzo na inaweza kuleta kipande cha ushungi katikati ya paji la uso. (Kwa picha za pasipoti, usifute makovu wala alama za kuzaliwa hata kama brashi inaziondoa vizuri, ni sehemu ya utambulisho wa mtu.)

Kwenye ngozi nyeusi yenye mng'ao wa taa, chanzo kichukuliwe mahali penye mwanga unaofanana na pale panapopakwa. Brashi hulinganisha rangi, lakini umbile la ngozi iliyopigwa na mwanga mkali si sawa na la ngozi iliyo kivulini, kwa hiyo kiraka hukubali kwa rangi na kukataa kwa umbile. Kama kiraka kinaonekana laini mno katika picha ya zamani iliyoskaniwa, ambayo ina chembechembe za filamu, badilisha Mode iliyo katika upau wa juu, si ile ya menyu ya Image, iwe Replace, inayohifadhi chembe hizo kwenye kingo za mpako wenye ncha laini. Matoleo ya karibuni yana pia kipimo cha Diffusion: namba ndogo hufaa picha yenye chembe na maelezo madogo madogo, kubwa hufaa ngozi au anga laini.

Doa lilelile likijirudia kila unapobofya, angalia kisanduku cha Aligned. Kikiwa wazi, kila mpako mpya huanza tena kwenye chanzo cha kwanza. Kikiwa na alama, chanzo husogea pamoja na mkono wako. Na umbile likitokea limeinama au limekuzwa, fungua paneli ya Clone Source uhakikishe kwamba upana na urefu ni 100% na pembe ni 0. Kishale kikigeuka msalaba badala ya duara, ni kwamba Caps Lock imewashwa tu.

Brashi ikiwa nzito, ikikokota nyuma ya mkono, funga picha usizozihitaji, hakikisha diski ya muda ya programu, yaani nafasi ya diski inayotumia wakati wa kazi, haijajaa, kisha jaribu kuzima na kuwasha matumizi ya kadi ya picha katika mapendeleo ya Performance. Tatizo likibaki, bofya kwa kitufe cha kulia alama ya kifaa iliyo kushoto kabisa mwa upau wa juu na uchague Reset Tool. Hatua ya mwisho kabisa ni kufuta mapendeleo yote kwa kushikilia Ctrl, Alt na Shift wakati programu inafunguka, lakini usiifikie kabla ya kuhifadhi kwenye faili brashi na vitendo (Actions, yaani hatua zilizorekodiwa) ulivyojitengenezea, kwa kuwa vilivyo nje ya faili vinaweza kupotea.

Wanaotumia GIMP, ambayo ni programu ya bure ya kuhariri picha na ina kifaa cha kuponya tangu toleo la 2.4, wanaweza kufuata sehemu kubwa ya maelezo haya, ila chanzo huchaguliwa kwa Ctrl badala ya Alt, na kazi ya menyu ya Sample hufanywa na kisanduku cha Sample merged, ambacho kisipowekwa alama leya tupu itabaki tupu vilevile.