Somo: Baiskeli moja ya saiklokrosi, fremu ya alumini, kazi zote

Wakuu, salamu. Wengi wameuliza kama baiskeli ya saiklokrosi (mbio za matope na vizuizi) ya alumini inaweza kuwa baiskeli pekee ya mtu: kazini siku za wiki, njia za vumbi na kokoto wikiendi, safari ndefu za lami, na mara mojamoja shindano la matope. Inaweza, na inaweza vizuri. Ila elewa kwamba kinachoibadilishia kazi ni tairi, upepo na gia. Nawaona watu wananunua usukani wa kaboni ili wapunguze gramu chache huku wakiendelea kuhangaika na matairi yaliyokuja na baiskeli kutoka dukani. Hapo pesa imepelekwa pasipostahili.

Hatua ya 1: Ijue fremu yako

Mchezo huu ulianzia Ufaransa, na ubingwa wa taifa hilo ulishindaniwa kwa mara ya kwanza mwaka 1902. Umbo la baiskeli bado linafuata mbio zile: mizunguko mifupi, matope, mchanga, ngazi, na mbao za kuruka ukiwa umeibeba. Ndiyo maana fremu nyingi zina bomba la juu lililobapwa upande wa chini, lisikukate bega. Krenki (mhimili na mikono ya pedali) nayo mara nyingi imeinuliwa kidogo kuliko kwenye baiskeli ya mbio za lami, pedali isigonge visiki. Utalihisi hilo ukisimama kwenye foleni, kwa sababu mguu unaifikia ardhi kwa kujinyoosha.

Fremu za alumini kwa kawaida ni za aloi (mchanganyiko wa metali) ya 6061, yenye magnesi na silikoni, au 7005, yenye zinki. Kwa ujazo uleule, uzito wa alumini ni kama theluthi ya uzito wa chuma, kwa hiyo mabomba hufanywa manene kwa kipenyo na fremu ikawa ngumu bila kuwa nzito. Udhaifu wake ni uchovu wa metali. Chuma cha pua au cha kawaida kikikunjwa kidogo chini ya kiwango fulani kinaweza kuvumilia miaka na miaka, lakini alumini haina kiwango hicho. Kila mtikisiko unahesabiwa.

Kwa hiyo ukiosha baiskeli, ikague. Chukua tochi na kitambaa kikavu, upite kwenye maungio yaliyochomelewa: chini ya bomba la chini pale linapoungana na kichwa cha fremu, sehemu unapoingia mlingoti wa kiti, na mabomba ya nyuma karibu na krenki. Unatafuta mstari mwembamba kama unywele, mara nyingi una weusi pembeni kwa sababu uchafu umeingia ndani. Ukiuona na hujui kama ni mkwaruzo wa rangi tu, weka alama ya kalamu kwenye ncha zake mbili, kisha uangalie tena baada ya safari chache fupi za polepole. Mkwaruzo haukui. Mstari ukivuka alama, baiskeli hiyo usiipande tena.

Hatua ya 2: Kiti na usukani

Hapa sitakaa. Kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litakunja kidogo, na hapo kiti kimekaa. Jambo moja tu la kuangalia: kwenye fremu ndogo, ncha ya kiatu inaweza kugusa tairi la mbele unapokata kona polepole. Ujaribu kwenye uwanja mtupu kabla hujakutana nalo katikati ya magari.

Hatua ya 3: Tairi na upepo

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote. Kwanza pima nafasi kwenye fremu na foki (uma unaoshika gurudumu la mbele), mahali penye msongamano zaidi. Shirikisho la kimataifa, UCI, haliruhusu tairi pana kuliko milimita 33 kwenye mashindano yake ya saiklokrosi, kwa hiyo fremu nyingi za zamani zinameza 35 kwa shida. Za karibuni zinafika 38 au 40. Bakiza walau milimita 4 kila upande, na 6 kama unaendea matope, maana matope yakikauka pale yanakwangua alumini kama msasa.

Kwa lami, weka tairi laini la 28 hadi 32. Kwa mchanganyiko, 35 lenye mstari laini katikati na kashata pembeni. Kwa matope, 33 lenye kashata ndefu zilizoachana, zinazoweza kujitapisha udongo.

Upepo, kwa mwendeshaji wa kilo 70 hivi: lami na tairi la 32, anzia psi (kipimo cha upepo) 55 hadi 60, kokoto na tairi la 35, anzia 35 hadi 45, matope kwa tyubulesi (tairi lisilo na tyubu ndani), 25 hadi 30. Mbele punguza psi 2 au 3 kuliko nyuma, na usivuke kikomo kilichoandikwa kwenye tairi na kwenye rimu. Halafu rekebisha kwa njia hii: tafuta jiwe au mzizi unaoujua, upite juu yake kwa mwendo wako wa kawaida. Rimu ikigonga, ongeza psi 2. Ukirushwa kitini, punguza 2. Pampu yenye geji ni lazima, kwani kidole hakiwezi kutofautisha 35 na 42.

Hatua ya 4: Gia

Baiskeli nyingi za aina hii zilikuja na sproketi za mbele za meno 46 na 36, na kaseti (rundo la sproketi za nyuma) ya meno 11 hadi 28. Gia nyepesi kabisa ni 36 kwa 28, yaani gurudumu linazunguka mara 1.29 kwa kila mzunguko wa pedali. Kwenye mashindano inatosha. Ukiwa na mzigo mlimani, magoti yatalalamika. Weka kaseti ya 11 hadi 34, utashuka hadi 1.06, lakini hakikisha kwanza deraila yako (kifaa kinachohamisha mnyororo) inamudu sproketi kubwa hivyo, na huenda ukahitaji mnyororo mrefu zaidi. Wenye sproketi moja ya 40 na kaseti ya 11 hadi 42 wanapata 0.95, ila wataishiwa gia mapema kwenye mteremko.

Hatua ya 5: Breki

UCI iliruhusu breki za diski kwenye saiklokrosi mwaka 2010. Fremu za kabla ya hapo nyingi zina kantileva (breki za kubana rimu), ambazo zinapitisha matope vizuri lakini hazishiki kwa nguvu, hasa zikilowa. Ukifunga pedi mpya za diski, zizoeshe: kimbia kiasi, punguza mwendo kwa breki bila kusimama kabisa, rudia mara ishirini hivi. Oili ya mnyororo isiguse diski kamwe.

Hatua ya 6: Kushuka na kubeba

Mbao za mashindano hazizidi sentimita 40, na zoezi lake linafaa hata kwa mti ulioanguka njiani. Punguza mwendo mapema. Pitisha mguu wa kulia nyuma ya kiti, ubaki umesimama kwenye pedali ya kushoto, mkono wa kulia ukishika bomba la juu. Shuka ukikimbia, inua, vuka, itue taratibu. Tunashuka kushoto kwa sababu mnyororo uko kulia.

Hatua ya 7: Matunzo ya alumini

Paka grisi mlingoti wa kiti ukiwa wa alumini. Ukiwa wa kaboni tumia pesti yake maalumu. Uutoe mara kwa mara, kwani jasho na maji vikikaa pale metali zinaoza na mlingoti unaganda mle ndani. Nyuzi za matundu ya boliti kwenye alumini ni laini, hivyo anza kufunga boliti kwa vidole, kisha spana. Boliti za shingo ya usukani nyingi huandikwa Nm 5 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Fuata namba iliyoandikwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, naweza kufunga keria na madgadi?
Jibu: Angalia kama kuna matundu yenye nyuzi karibu na ekseli. Yakiwapo, funga. Yasipokuwapo, usitoboe fremu kaka, hasa foki ya kaboni. Kuna madgadi za kufunga kwa mikanda. Ukiweka mikoba, isukume nyuma, kwani mabomba ya nyuma ni mafupi na kisigino kitaigonga.

Swali: Alumini inanitikisa sana mikono. Nibadilishe fremu?
Jibu: Dada, unatia upepo kiasi gani?
Swali: 80, tairi la 32.
Jibu: Shusha hadi 55 kwanza, halafu tuzungumze. Ikibaki tatizo, weka utepe mnene wa usukani.

Swali: Fundi kasema atachomelea ufa kwenye fremu yangu ya 6061. Nikubali?
Jibu: Hapana mkuu. Joto la kuchomelea linailegeza aloi hiyo, na kiwandani fremu nzima huingizwa kwenye tanuri baada ya kuchomelewa ili irudishiwe nguvu. Karakana ya kawaida haina tanuri hilo. Hamishia vipuri kwenye fremu nyingine.

Swali: Baiskeli ilianguka upande wa kulia, sasa gia zinaruka na kwenye gia nyepesi deraila inagusa spoku.
Jibu: Acha kuendesha hadi uitengeneze, deraila ikiingia kwenye spoku itavunja kila kitu. Kilichopinda huenda ni kijisikio kinachoshika deraila. Kimefanywa dhaifu makusudi, kipinde chenyewe fremu ipone. Fundi mwenye kifaa cha kunyooshea atakipima dhidi ya rimu, lakini kikishapinda vibaya kibadilishwe. Maumbo yake ni mengi mno, kwa hiyo fungua cha zamani uende nacho ukilinganishe, na ununue viwili; kimoja kikae kwenye mfuko chini ya kiti.