Ukiwa Bado Nairobi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Pate kwa Jahazi

Mara ya kwanza nilipompigia simu nahodha wa Lamu, nilikuwa kwenye matatu iliyokwama Ngong Road. Nikamwambia tuko watu sita, tunataka kuzuru kisiwa cha Pate mwisho wa mwezi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwezi upi, mwanangu? Wa mshahara au wa mbinguni?"

Nilicheka, nikashikilia tarehe yangu. Angenieleza mtu mapema, ningeanza na mwezi wa mbinguni. Pate imezungukwa na mikoko na maji haba, na mlango wa Mkanda, ule upitao kati ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki vizuri ila maji yakiwa yamejaa. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji huwa yametoka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, saa ileile ambayo mtu wa Nairobi ameshakunywa chai na anataka kufika. Sisi tulifika saa nne na nusu. Jahazi likakaa kwenye tope, tukashuka kila mtu na mzigo wake. Nilikuwa na sanduku la magurudumu. Nililibeba kichwani, tope magotini, huku watoto wawili waliokaa kwenye ukuta wa gati wakihesabu kwa sauti kila nilipoteleza. Walifika saba.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, tazama mwezi, kisha mwulize nahodha saa ya kuingia na saa ya kutoka. Maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa uliyopewa Jumatatu haikufai Alhamisi. Chukua begi la kubeba mgongoni na viatu vya kamba vinavyoshika mguu; ndara zitabaki topeni.

Upepo nao una kalenda yake. Kusi huvuma tangu Aprili hivi hadi Septemba, na katikati ya msimu huo bahari ya nje huchafuka. Kama tumbo lako husumbuka hata ukiwa kwenye basi la Narok, usijaribu. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ni upole zaidi, lakini ukitoka Lamu kwenda Pate unakuelekea usoni. Nahodha atapiga bisha, yaani kukata upepo mshazari, huku na kule, na safari uliyoambiwa ni ya asubuhi itakula siku. Wengi huwasha injini. Ulizeni mafuta ni ya nani kabla hamjakubaliana bei, maana hapo ndipo urafiki huharibika. Majaketi ya kujiokolea yahesabuni wenyewe, moja kwa kila kichwa, wala msitosheke na kuambiwa "yapo".

Usalama ulizia wiki ileile ya safari, si mwezi uliotangulia. Upande wa bara wa kaunti ya Lamu umewahi kushambuliwa, hasa barabara ya kutoka Garsen kwenda Mokowe. Anayeruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hutua Manda na kuvuka kwa boti. Anayepanda treni Syokimau hadi Mombasa bado ana basi refu mbele yake, na asafiri mchana.

Sasa wenyeji. Watu wa Pate, Siyu na Faza, vijiji vya kisiwa hicho, ni wakarimu kupita tulivyozoea huku, na ukarimu huo ndio unaotufanya tujisahau. Kijiji si hoteli. Mwombe nahodha apige simu mbele, amjulishe mzee wa mtaa kwamba mnakuja, wangapi, na mtalala wapi. Mkishuka, nendeni kwake kwanza, kabla ya kupiga picha ngome ya Siyu na kabla ya kununua chochote. "Niaje" iache Syokimau. Anza na asalaam aleikum, na mkubwa mwamkie shikamoo, kisha ngoja uulizwe habari za safari, za nyumbani, za watoto. Hiyo si kupoteza muda; ndiyo shughuli yenyewe. Ijumaa adhuhuri msiingie, watu wako msikitini. Ramadhani mnaweza kwenda, ila msile mchana hadharani hata mkiwa juu ya jahazi, kwani gatini mnaonekana. Mavazi yafunike mabega na magoti, pombe isishuke chomboni, na mwanamke asipigwe picha bila idhini yake.

Maji ya kunywa bebeni yenu kutoka Lamu, lita nne au tano kwa mtu kwa siku. Visima vingi visiwani vina chumvi, na maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye birika, yaani tangi la nyumbani, ni akiba ya familia. Kuyaoga ni kama kuingia nyumba ya mtu na kuoga na unga wake. Pesa taslimu ziwe ndogondogo, kwa sababu wakala wa M-Pesa huenda akaishiwa. Chandarua na dawa za malaria ni lazima. Sisi wa Nairobi mbu wa pwani hutuona wageni. Taka zote zirudi nanyi.

Peremende za watoto acheni, zinafundisha kuomba. Sukari, majani ya chai, na mboga za Marikiti zinazostahimili safari zinapokelewa kwa furaha: karoti, viazi, vitunguu. Anayepanda ndege ajue mizigo hupimwa kwa ukali.

Jioni ya pili tuliletewa jahazini sahani ya mahamri na mbaazi, imefunikwa kitambaa. Nilikuwa naiosha nimpe mtoto airudishe, nahodha akanishika mkono. "Tupu?" Tukatafuta mizigoni, zilikuwa zimebaki karoti nne, tukaziweka juu ya sahani. Muda si muda tukasikia kicheko cha mama ng'ambo ya ukuta, kisha mtoto akarudi mbio. Mama anauliza kama huko kwetu karoti huliwa na mbaazi.