Namna ya Kuifuatilia Jeni ya Kuku Kishingo Bandani Mwako

Mfugaji wa Mombasa anayetaka kushuhudia jinsi jeni moja inavyobadili umbo la kiumbe hahitaji maabara, kwani kuku kishingo, yule asiyeota manyoya shingoni, anamtosha.

Kwanza hakikisha kwamba kuku uliye naye ni kishingo wa kuzaliwa, maana kuku aliyedonolewa na wenzake huweza kufanana naye. Mshike taratibu jioni anapoingia kulala, umpapase shingoni: aliyedonolewa utamhisi vishina vya manyoya na kuona vitundu yalimong'oka, ilhali ngozi ya kishingo haina vishina hivyo na, akishakomaa, huwa nyekundu. Kisha tazama mbele ya shingo, chini, karibu na kifua. Ukikuta kishungi cha manyoya, kuku huyo ana nakala moja tu ya jeni hiyo, aliyoirithi kwa baba au kwa mama. Asipokuwa nacho, au yakiwa ni manyoya machache tu, anazo mbili. Kwangu mimi hiyo ni alama yenye thamani kubwa, kwa sababu katika sifa nyingi za urithi mwenye nakala moja hatambulikani na mwenye mbili kwa kutazamwa tu.

Pili, mtenge jimbi mwenye kishungi pamoja na mitetea wa shingo za kawaida, na usubiri kama wiki 3 kabla ya kukusanya mayai ya kuatamiwa, kwa kuwa mtetea huhifadhi mwilini mbegu za jimbi wa awali kwa wiki 2 au zaidi. Mahali kama Kisauni au Likoni, penye kuku wa jirani wanaozurura uani, usilipuuze sharti hili, la sivyo utahesabu watoto wa jimbi usiyemjua. Vifaranga wakianguliwa baada ya siku 21, shingo tupu huonekana siku hiyo hiyo. Tarajia takriban nusu yao wawe vishingo.

Ukipandisha wazazi wawili wenye kishungi, tarajia robo wasiwe na kishungi, nusu wawe nacho, na robo wawe na shingo yenye manyoya kamili. Hao wa mwisho ni watoto halali wa wazazi hao, ambao kila mmoja aliwapa nakala yake ya kawaida. Usihukumu kwa vifaranga 10 wa mtetea mmoja, bali jumlisha maanguo kadhaa.

Kwa nini shingo hasa? Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Roslin, karibu na Edinburgh, walionyesha kwamba badiliko la jeni lililomo kwa kishingo huifanya ngozi ya kiinitete itengeneze kwa wingi protini inayozuia manyoya yasiote, na kwamba ngozi ya shingo huathirika zaidi kwa sababu yenyewe hutengeneza asidi itokanayo na vitamini A, inayoipa protini hiyo nguvu.

Lakini badiliko haliishii shingoni, kwani mwenye nakala mbili hupungukiwa na manyoya ya mwili mzima kwa takriban asilimia 40, na mwenye moja kwa kiasi kidogo kuliko hicho, hivyo joto humtoka kwa urahisi. Anayefuga kwa ajili ya joto la kaskazi na ampandishe jimbi kishingo asiye na kishungi kwa mitetea wa kawaida: vifaranga wote watatoka vishingo, kila mmoja na kishungi chake.