Kabla ya kukaza ndoana kwenye jiliwa: maandalizi ya kufunga skadi na sobagi ukiwa Mombasa

Mvuvi wa Mombasa aliyezoea mshipi wa mkono na kipande cha ngisi huenda akacheka akiambiwa kwamba samaki trauti wa milimani huvuliwa kwa kidude cha manyoya na waya kinacholingana na punje ya mchele. Kidude hicho ndicho flai, chambo bandia kinachofungwa kwa uzi juu ya ndoana. Skadi na sobagi ni kati ya flai rahisi kufunga, hazina mabawa wala madoido, na ndiyo maana nampendekezea anayeanza. Lakini huharibika hata kabla uzi haujagusa ndoana, mtu anapokaa mezani bila kumjua kiumbe anayemwiga.

Skadi na sobagi ni majina ya viumbe wanaoigwa, nao si wadudu. Ni jamaa wa kamba na kaa, ila wao huishi kwenye maji yasiyo na chumvi. Skadi amebanwa mbavuni, mgongo umepinda. Sobagi amebanwa toka juu, ni bapa. Kuyaona maumbo hayo hakuhitaji safari. Nenda ufuo wa Nyali mwani ukiwa umetupwa nchi kavu, inua lundo moja: vile vijidudu vinavyorukaruka ni ndugu wa skadi. Kisha uani, chini ya chungu cha maua, tafuta yule wa kijivu mwenye pingilipingili mgongoni; huyo ni wa ukoo wa sobagi. Watazame kwa makini, maana umbo ndilo linaloamua ndoana. Sobagi anataka ndoana iliyonyooka. Skadi, watu wengi humfungia ndoana iliyopinda sana, nami sikubaliani nao: skadi akiogelea hujinyoosha, anayejikunja ni aliyetulia au aliyekufa. Mpindo mdogo unatosha. Namba 14 na 16 zinafaa kuanzia, na kumbuka namba ikipanda ndoana inapungua.

Uzito nao upangwe mapema, kwa kuwa viumbe hawa hukaa chini, kwenye majani na mawe. Chubwi kwenye mshipi haitoshi. Flai yenyewe inazungushiwa waya mwembamba wa risasi. Kwa sobagi, ibane risasi hiyo kwa koleo hadi iwe bapa, na nusu ya kazi ya umbo imekwisha. Kwa skadi iache ilivyo.

Nyuzi za madukani Biashara Street ni nzuri kwa kanzu na buibui, si kwa ndoana ya namba 16. Agiza uzi wa denia 70 (denia ni kipimo cha unene wa uzi) au unaokaribia hapo. Waya wa shaba wa kufunga pingili omba kwa fundi wa mota, ana mabaki mengi. Manyoya ya sungura, ya kijivu na ya kijani cha zeituni, yanatosha kwa mwili. Weka na ya rangi ya chungwa kidogo, kwani skadi akifa hugeuka rangi hiyo na trauti hamkatai. Gamba la mgongoni ni ukanda wa plastiki angavu. Mifuko ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, kwa hiyo tumia karatasi ya nailoni iliyofungiwa mkate. Kata kanda nyingi kwa pamoja, za milimita 3 hivi, kabla ya kuketi. Sindano iwe karibu: waya ukishafungwa juu ya gamba, ndiyo itakayochokoa manyoya ya tumboni yawe miguu.

Mombasa ina shida zake. Hewa ya chumvi hula ndoana hata zikiwa pakitini, basi zitie kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Feni ikiwashwa manyoya yanapepea chumba kizima, ikizimwa jasho linalowesha uzi. Mimi hufunga alfajiri, joto halijapanda.

Jiulize pia flai hizo zinakwenda wapi. Skadi na sobagi hustawi kwenye maji yenye chokaa na majani mengi, kama mto Bighorn kule Montana, Marekani. Mito ya Mlima Kenya na Aberdare, ambako trauti wa kwanza waliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan na kuachiwa mto Gura, ina maji ya kasi, mawe mengi na chokaa kidogo. Beba skadi chache, nyingine ziwe flai za kuiga wadudu wa mtoni, na zile nzito zibakize kwa vidimbwi vilivyotulia. Kibali cha kuvua kipatikane kabla ya kufika mtoni. Kama unaingia ndani ya mbuga, maji ya kunywa yatie kwenye chupa ya kudumu: plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi humo tangu tarehe 5 Juni 2020.