Kitenzi "bemire" na mahali pake
Anayeandika kwa Kiingereza kuhusu masika ya Mombasa huenda akavutiwa na kitenzi "bemire", chenye maana mbili: kuchafua kitu kwa matope, na kukikwamisha matopeni. Kitenzi hiki lazima kiwe na yambwa, yaani kitu kinachotendewa, na aghalabu hutokea katika kauli ya kutendwa, kwa hiyo kanzu nyeupe iliyorushiwa tope na matatu kule Likoni ni "bemired", na gari lililodidimia hadi ekseli huko Mtongwe ni vivyo hivyo. Hata hivyo, neno hili ni la vitabu vya kale, na katika ripoti ya bima litamshangaza msomaji. Hapo andika "muddied" kwa uchafu, na "stuck in the mud" kwa kukwama. Kwa aliyezama katika madeni, waandishi wa leo hupendelea "mired in".